Nilikataza Kijiji Kizima Kumsalimia Mama Yangu

Jina langu sitaji. Ya wengine nitayataja, maana na wao wana sehemu yao katika hii aibu, lakini wa kwanza ni mimi. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu, filimbi shingoni, nikasema mama yangu mzazi asisalimiwe na mtu yeyote. Sikulewa. Sikulazimishwa. Nilisema kwa mdomo huu huu ninaolia ugali.

Nimekosa, jamani! Nimekosa vibaya.

Unisome taratibu, maana hata mimi naandika taratibu. Shule niliishia darasa la nne. Karatasi hizi nimeandika, nimechana, nimeandika tena.

Sisi ni watu wa kijiji kimoja upande wa Tinde, sitakitaja. Kijijini kwetu tuna jeshi la jadi. Kila mtu mzima ni askari, na mkubwa wake tunamwita ntemi. Watu wa nje wanadhani kazi ya jeshi ni kufukuza wezi wa ng'ombe tu. Hapana. Jeshi letu linasimamia na misiba. Mtu akifa, filimbi inapigwa na kila kaya inatoa watu. Wanaume wanachimba kaburi, wanawake wanabeba kuni, maji na unga. Usipoonekana unaulizwa. Ukirudia unatozwa. Ukikaidi, unatengwa.

Kama kwenu hakuna kutengwa, ngoja nikueleze. Hakuna wa kukusalimia. Hakuna wa kukupa chumvi wala kaa la moto. Ukipeleka debe lako mashineni halisagwi. Ukifa, hakuna wa kukuchimbia. Na yule atakayekusalimia, na yeye anatozwa. Basi mtu hafikishi hata wiki. Anakuja mwenyewe na mbuzi kamshika kamba, anapiga magoti, mbuzi analiwa, yanakwisha. Nimeona wanaume wenye zizi limejaa wakilia kama watoto, kisa tu asubuhi wamekosa wa kuwaambia "mwangaluka".

Mimi nilikuwa kamanda wa akina mama. Kabla ya hapo niliishi Geita miaka mingi, nikiwapikia wachimbaji. Mume aliniacha huko huko. Nilirudi kwetu na begi moja na ulimi mkali, na uongozi nilipewa kwa sababu ya huo ulimi. Nikiita, wanawake wanakuja mbio huku wanafunga khanga. Nilipenda sana vile walivyokuwa wanakimbia. Hilo nalo ni kosa, liandike.

Sasa mama.

Mama ndiye aliyekuwa anasonga ugali wa misiba yote ya kwetu. Sufuria lile kubwa, ambalo wengine wanapokezana mwiko, yeye alisonga peke yake na bado anapiga maneno. Alikuwa na utani! Alikuwa anaweza kumfanya mfiwa acheke, halafu wakalia pamoja. Na mimi hakuniacha. Siku nilipopewa filimbi alisema mbele za watu, "Haya, kijiji kimekwisha. Tunaongozwa na mtu aliyenikojolea mgongoni mpaka akaota meno ya pili." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilinuna siku nzima.

Leo ningelipa chochote anitanie hivyo tena mbele za watu.

Kilichoanza kumvunja ndani kwa ndani, kabla hata sijarudi kwetu, ni mdogo wangu wa mwisho, Jilala. Alikuwa mchimbaji huko huko Geita. Duara, lile shimo la dhahabu, lilititia akiwa ndani. Wenzake walichimbua kifusi mpaka shimo likaanza kuwatafuta na wao, wakaacha, sehemu ikafungwa. Jilala akabaki humo. Mimi nilikuwa juu, maharage yangu yako jikoni. Ndiye niliyepeleka habari nyumbani.

Mama aliuliza neno moja tu. "Mmemleta?"

"Hapana, mama."

Hakulia. Aliokota ungo wake, akaendelea kupeta.

Na msiba hatukukaa! Kaka yangu mkubwa, Masanja, huyu mwenye duka Nyasubi pale Kahama, ndiye aliyesema tusitandike mkeka wowote, tusubiri, labda watamtoa. "Utazikaje mtu bila mwili?" Tukasubiri. Tukasubiri mpaka ikawa aibu hata kulitaja. Mke wa Jilala alikuwa anakaa na mama pamoja na watoto. Akakaa weee, mwisho akachukua watoto wake akarudi kwao. Huyo simlaumu, alikuwa bado msichana. Kaya ile iliyokuwa na makelele ikabaki na mama na kuku.

Hapo ndipo ungetegemea mimi, mtoto wa kike, niamke. Sikuamka.

Alianza kulalamika mgongo. Mara tumbo linawaka. Mara usingizi hauji, ukija ni wa kuibia, anaamka kabla ya majogoo anakaa tu kitandani. Nilimpeleka kwa Pius wa duka la dawa, ambaye tunamwita daktari na yeye anaitika. Pius alimpa dawa ya malaria. Tukarudi, akampa ya minyoo. Tukarudi, akampa ya vidonda vya tumbo. Hakuwahi kumuuliza mama hata siku moja, "Unalalaje? Unakulaje? Moyo wako ukoje?" Aliniuliza mimi, mama kakaa hapo kama mzigo.

Akaanza kusahau. Chumvi anatia mara mbili au hatii kabisa. Kuoga mpaka uambiwe. Nilimpigia Masanja simu, akasema, "Uzee huo, unataka awe kigori? Mchemshie tangawizi." Nikaona kweli, uzee.

Kisha viazi. Kwetu viazi vitamu vikikomaa, mama mzima hakai. Anavichimba, anavikata vipande, anavianika juani, ndiyo michembe ya mwaka mzima. Mama yangu michembe yake ilikuwa inajulikana mpaka Tinde sokoni. Mwaka ule viazi vyake vilioza ardhini. Nilipita shambani kwake nikaona fuko wamejichimbia, nikasema, "Mama siku hizi mvivu!" Nikapita. Shamba zima lilikuwa linaniambia, mimi nikapita!

Halafu akaacha kwenda misibani.

Msiba wa kwanza nikamtetea, anaumwa. Wa pili nikanyamaza. Wa tatu nilimfuata siku moja kabla.

"Mama, kesho kuna kuzika. Uje hata ukae tu, watu wakuone."

"Sawa."

Hakuja. Nikarudi kwake nimevimba.

"Mama, kwa nini unanifanyia hivi?"

"Nimechoka."

"Umechoka na nini? Hulimi! Hupiki! Unachoka na kukaa?"

Aliangalia mikono yake kama ya mtu mwingine. "Nimechoka na kuwepo," akasema.

Jamani. Mtu mzima kaniambia kabisa, kwa maneno ya wazi, nimechoka na kuwepo. Na mimi nikamjibu nini? Nilimjibu, "Hicho ni kiburi, mama."

Msiba uliofuata tulikuwa kwenye kuni, na mwanamke mmoja anaitwa Holo, mwenye mdomo kunizidi, akasema kwa sauti ya kusikika, "Kamanda, hivi sheria yako inaishia mlangoni kwa mama yako?" Wanawake wakaguna. Wengine wakacheka chini chini. Holo ana lake, lakini hata yeye hakunituma kufanya nilichofanya. Alinichoma tu. Moto nilikuwa nao mwenyewe.

Mkutano wa jeshi uliitishwa kwenye ghala la pamba. Ntemi wetu, Luhende, mzee mwenye koti la mvua hata kiangazi, alitaja majina ya waliokosa. Akafika kwa mama. Akanigeukia.

"Kamanda, huyu ni mzazi wako. Tuseme anaumwa?"

Alinifungulia mlango, unaona? Ningesema ndiyo, yangekwisha. Lakini nilimwangalia Holo usoni, nikaona anasubiri.

Akanyanyuka rafiki wa mama, mama mmoja anaitwa Nyanzobe, tunamwita Mama Shija. Wamesonga ugali pamoja tangu usichana wao. Akasema, "Mnayemtaja hapa ndiye aliyewapikia misiba yenu yote. Mtu kama huyo akiacha, mnauliza kosa lake? Mbona hamuulizi kapatwa na nini?"

Nikasema, "Mama Shija, kaa chini. Sheria haina mama."

Watu wakapiga makofi! Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu ni chuma!" Nikaendelea sasa, nimeshika kasi. Nikasema atengwe kama wengine, kusiwe na upendeleo, chakula nitampelekea kwa kuwa ni mzee, lakini salamu hakuna, ya kwangu wala ya mtu. Atakapokuja mwenyewe kuomba radhi, tutampokea.

Nilirudi nyumbani najiona mrefu. Nasema kweli. Sikuwa na huzuni. Nilijisikia mrefu.

Asubuhi nilimpelekea uji na michembe ya kununua. Mama alitoka mlangoni, akasimama. Alikuwa anasubiri nipige goti nimwamkie kama siku zote. Alikuwa ameshafungua mdomo wa kuitikia. Nikaweka sufuria juu ya kinu kilichogeuzwa, nikampa mgongo.

Nyuma yangu nikasikia, "Haya." Basi.

Hiyo "haya" nalala nayo na kuamka nayo.

Nikawa nafanya hivyo kila siku. Naweka, nachukua sufuria la jana, naondoka. Na sufuria lilikuwa tupu, limesuguliwa, kwa hiyo nilijua anakula. Nilikuwa nasubiri tu siku atakayokuja na mbuzi. Wiki ikapita, hakuja. Nyingine, hakuja. Luhende akashangaa, akasema hajawahi kuona. Wanaume wenye nguvu zao wanavunjika, bibi kizee huyu vipi? Nikamwambia, "Ni kiburi, ntemi. Nakijua hicho kiburi, nimekulia ndani yake." Mpaka nikawa kama najivunia. Eti mama yangu mgumu.

Hatukujua kwamba adhabu ile ilikuwa haimuumi. Tulimpa mtu anayekimbia watu kile kile alichokuwa anakitafuta.

Siku moja niko naanua mtama, akaja Mama Shija. Hakunisalimia. Alikaa juu ya gogo langu, akasema, "Nimemsalimia mama yako. Nitoze."

"Mama Shija, unajua sheria."

"Naijua, ndiyo maana nimekuja kwa mwenye nayo. Nitoze upesi nirudi kwake. Halafu nikuulize, kamanda. Kuku wa mama yako umewaona?"

"Wamefanya nini?"

"Wamenona. Wamenona mpaka hawawezi kuruka uzio. Hao umewaona. Mama yako je, umemwona?"

Niliacha mtama pale pale. Maana nilipojiuliza ni lini nilimwangalia mama yangu usoni, sikupata jibu. Nilikuwa naangalia sufuria.

Tulikwenda. Niliingia ndani kwa mama mara ya kwanza tangu mkutano. Harufu ilinipiga. Alikuwa amelala, amejifunika khanga aliyovaa siku ile ya "haya". Shavu limeingia ndani. Mkono wake ulikuwa fito. Chakula changu chote, uji wangu wote, alikuwa anawamwagia kuku, halafu anasugua sufuria ili nisijue.

"Mama," nikasema.

Akaweka kidole mdomoni. "Shh. Watakutoza."

Alikuwa ananionea huruma mimi! Mimi!

Mama Shija akasema, "Nani atamtoza? Mtozaji si ndiye huyu!" Hakuna aliyecheka.

Nikapiga magoti. Nikamwambia mama nisamehe, yamekwisha, mbuzi nitatoa mimi, inuka ule. Akatikisa kichwa taratibu. Alisema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema.

"Niache, mwanangu. Sina hasira. Mtu aliyetengwa hazikwi na watu. Jilala hakuzikwa na mtu. Basi na mimi hivyo hivyo. Mlinipa vizuri."

Mlinipa vizuri! Nikatoka nje mbio, nikaita bajaji.

Tulimpakia kwenye bajaji, mimi huku na Mama Shija huku, mpaka hospitali Shinyanga. Njiani nilimwona Luhende amesimama dukani, akatuangalia, akaangalia pembeni. Sheria bado ilikuwa haijafutwa.

Daktari alikuwa mwanamke, mtu wa makamo kama mimi. Nikaanza kumweleza kwa mdomo wangu wa ukamanda: ana vidonda vya tumbo, uzee, kichwa kinasahau. Akanikata taratibu, "Mama, nitakusikiliza. Ngoja kwanza nizungumze na mgonjwa." Akavuta kiti karibu kabisa na mama. Alimuuliza analalaje. Anakula nini na kinamnogea. Kitu gani zamani kilimfurahisha, na sasa je? Mama akasema zamani ni kusonga ugali wa watu, sasa hata sauti za watu zinamchosha. Akamuuliza kama anajiona ana faida. Mama akasema, "Mimi ni mzigo." Akamuuliza, bila kupepesa, kama anafikiria kujidhuru. Mama akasema, "Hapana. Ila nikilala naomba kusikuche." Akamuuliza tangu lini. Mama akasema, "Tangu Jilala."

Miaka yote hiyo. Swali moja tu.

Walimpima damu, sukari, presha na vingine, wasije wakakosea wakaacha ugonjwa mwingine. Damu ilikuwa chini kwa njaa. Wakampima na kumbukumbu kwa maswali madogo madogo. Kisha daktari akaniambia mama ana sonona. Nikasema, sonona? Mama yangu? Hajalia hata siku moja! Akaniambia wazee wengi hawalii. Kwao inakuja kama mgongo, kama tumbo, kukosa usingizi, kusahau, kukataa kula, kujitenga, na watu wa nyumbani wanasema ni uzee. "Uzee haumfanyi mtu atamani kusikuche," akasema. "Huu ni ugonjwa, na una dawa."

Halafu akashika kalamu, akauliza, "Nyumbani anaishi na nani? Nani anakuja kumsalimia? Dawa peke yake haitoshi. Anahitaji watu."

"Anaishi peke yake," nikasema.

"Majirani je? Wanamtembelea?"

"Hawamtembelei."

"Kwa nini?"

"Imekatazwa."

Akaweka kalamu chini. "Imekatazwa na nani?"

Mama Shija alikuwa pembeni. Angeweza kusema. Aliangalia ukutani, akaniachia.

"Na mimi," nikasema.

Daktari hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema tu, "Basi utakuwa wewe wa kuifuta."

Walimlaza. Nilirudi kijijini moja kwa moja kwa Luhende. Nikamwambia mama ni mgonjwa, karatasi ya hospitali hii hapa, tangaza yamekwisha. Luhende akajifuta mdomo. "Pole sana, kamanda. Lakini utaratibu unaujua. Mbuzi kwanza."

"Ntemi, mtu anakufa!"

"Sheria haina mama. Ulisema mwenyewe ghalani, na watu wakapiga makofi."

Nitakuambia nini? Nilitoa mbuzi wangu. Wakaja wakamchinja uani kwa mama, mama hayupo, yuko hospitali na dripu. Walikula, wakachokonoa meno, Holo akalamba vidole. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, mgonjwa anaendeleaje? Pius wa duka la dawa alikula paja zima. Nilivua filimbi, nikaiweka kwenye sinia la mifupa mbele ya Luhende. Nikasema ukamanda wenu huo hapo.

Nawataja kwa majina kwa sababu nina hasira nao mpaka leo. Lakini usiku nikifumba macho simwoni Luhende wala Holo. Najiona mimi nikigeuza mgongo.

Mama alirudi nyumbani na vidonge. Daktari alituambia wameanza na dozi ndogo kwa sababu ya umri, isipofanya kazi mara moja tusikate tamaa, itachukua wiki kadhaa. Akasema asiachwe peke yake. Akasema tusichanganye na dawa za kienyeji bila kumwambia. Tarehe za kurudi tusikose, maana kule daktari hampi dawa tu, anakaa naye wanazungumza. Nikahamia kwa mama. Mama Shija akawa anakuja kila siku, anakaa, wakati mwingine hawasemi hata neno, wanakaa tu.

Siku nyingi nilidhani tumedanganywa. Mama alikuwa vile vile. Halafu asubuhi moja nilimpa uji, akanywa, akasema, "Wabeja." Asante tu! Nilitoka nje nikalia nimeshika ufagio.

Na bado sikukoma kukosea. Alipoanza kula na kutembea mpaka kisimani, Masanja alikuja kutoka Nyasubi na gari la kukodi. Akaona vile vidonge, akasema, "Hizi si za vichaa? Mnataka kumfanya mama teja? Si amepona huyu!" Kaka mkubwa ameongea. Nikaviweka juu ya kabati. Haukupita muda mama akarudi kitandani, uso ukutani, na kuku wakaanza kunona tena. Safari hii niliwaona. Tukarudi hospitali mbio. Daktari akatueleza upya kwamba kupata nafuu si kupona, na kwamba kuacha ni yeye atakayesema, kidogo kidogo. Nikampigia Masanja, nikamwambia siku utakayotaka kuamua dawa za mama, njoo ukae naye wewe. Akakata simu. Mpaka leo tunasalimiana kwa ujumbe tu.

Jambo moja nalo nilisimamia. Daktari alipomuuliza mama anataka nini, alisema anataka msiba wa Jilala. Tukakaa. Tulitandika mikeka, tukaweka katikati koti lake la kwenda kanisani. Filimbi ilipigwa na kamanda mpya. Wanawake walileta kuni na maji. Mama alilia kwa sauti kubwa mpaka nikaogopa, Mama Shija akanishika mkono, "Mwache. Hicho ndicho kilichokuwa kimemkaba." Ilipofika saa ya ugali alinyanyuka, akaomba mwiko. Alisonga mara chache tu, akachoka, akaketi. Lakini alisonga.

Sasa hivi ninavyoandika, mama yuko nje anakata viazi vya michembe. Si yule wa zamani. Kuna siku bado haziamki vizuri, na vidonge bado anameza. Misibani anakwenda, anakaa kwenye mkeka wa wazee.

Na kila asubuhi nampelekea uji. Napiga magoti mpaka chini, nasema, "Mwangaluka, mayu." Ananiangalia kwanza. Halafu, kila siku ya Mungu, ananiuliza:

"Umenisalimia? Hawatakutoza?"

Mama Shija anaangua kicheko. Daktari nilipomwambia naye alitabasamu, akasema utani umerudi, hiyo ni dalili njema. Labda ni utani. Mama mwenyewe hacheki. Ananikazia macho mpaka nijibu. Na mimi najibu, kila siku, "Hawatanitoza, mama." Ndipo anapoitikia. Sijawahi kuthubutu kumuuliza kama ananitania au ananikumbusha.

Wewe unayesoma, kama una mzazi aliyeanza kujifungia, aliyeacha kazi aliyokuwa anaipenda, anayelalamika mgongo usio na dawa, usiseme uzee. Usiseme kiburi. Usiishie kwa Pius wako, na usimsikilize Masanja wako. Mpeleke hospitali, na ukifika huko, nyamaza, umwache aulizwe yeye.

Na kama umemnunia, kwa sheria yoyote, kwa ugomvi wowote, ondoka hapo ulipo uende ukapige goti. Usiangalie sufuria. Mwangalie usoni, umwamkie, usubiri aitikie.

Wangu viazi vimemwishia kwenye ungo. Naenda kumwongezea.